Agano la Mkulima na Mlaji

Katika mji wa Nairobi wako watu wengi wanaokula mboga kila siku, wala hawamjui hata mmoja wa wale wanaowalimia. Na upande wa magharibi wa mji huo, huko Dagoretti, Waithaka na Mutuini, na kuendelea mpaka Kikuyu na Limuru katika Kaunti ya Kiambu, wako wakulima waliouza mboga miaka mingi bila kupata kumwona mtu azilaye. Kati ya hawa na wale pana mwendo wa matatu tu. Lakini kwa habari ya kujuana, ni kama watu waliotengwa na bahari.

Iko njia moja ya kuuondoa utengano huo, nayo ni njia ya agano. Familia kadhaa za mjini huchagua kikundi cha wakulima wa karibu, na kuwapa fedha kabla mbegu haijatiwa ardhini. Wakulima nao huwapelekea kila juma kapu la mazao ya shamba, mpaka msimu utakapokwisha. Ukielezwa hivi, mpango waonekana mwepesi. Lakini mtu atakaye kuuanzisha yampasa kujua mapema kwamba kiini chake si kapu, wala si bei. Kiini chake ni swali moja: mvua ikikosa, au ikizidi, ni nani atakayebeba hasara?

Kwa desturi ya soko, jibu la swali hilo lajulikana. Na achukuliwe kwa mfano mama mkulima wa Mutuini, mwenye thumuni ya eka yenye udongo mwekundu mzuri. Amekopa fedha za mbegu, amenunua samadi, amechota maji kwa mgongo wake. Sukuma wiki inapokuwa tayari, mvua za masika zimeifanya kuwa tayari kwa kila jirani pia. Dalali, ambaye wengi humwita broka, hufika jioni na gari lake na kutaja bei. Mama hawezi kukataa, kwa maana majani yaliyokwisha kuchumwa hayangoji. Usiku mboga hupelekwa Soko la Wakulima katikati ya mji, lile ambalo watu huliita Marikiti, na kabla ya jua kuchomoza zimekwisha kupita mikono mitatu au minne. Mvua ya mawe ikipiga shamba lake kabla ya siku hiyo, broka huenda kwa mkulima mwingine, na mlaji hununua kwa mchuuzi mwingine. Hasara yote hulala katika nyumba moja tu, nyumba ya mama.

Mlaji naye anayo hasara yake, ingawa haionekani upesi. Karani afanyaye kazi katika ofisi za Harambee Avenue na kurudi jioni kwake Kangemi hununua fungu la mboga akiwa na haraka. Hajui mboga hiyo ilinyweshwa maji gani. Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, lakini kadiri mito ya Nairobi inavyopita katikati ya makazi ndivyo inavyopokea taka na maji machafu, na wako watu walimao kandokando yake. Hajui pia ni dawa gani ya wadudu iliyonyunyizwa, wala ni siku ngapi zilipita kabla ya mboga kuchumwa. Akimwuliza mchuuzi, mchuuzi naye hajui, maana hakuiona ikilimwa. Hivyo karani hulipa fedha zake bila kuwa na mtu wa kumwuliza.

Habari ya chakula kutoka vilima hivyo kwenda kwa watu wasiolima si mpya. Mwezi wa Oktoba 1890, Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alifika Dagoretti, akafanya mapatano ya udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilihitaji chakula kingi, na Wakikuyu wa nchi ile walikuwa na ziada ya kuuza. Mapatano yalikuwa mazuri kwa maneno. Lakini Lugard alipokwisha kuondoka, watu wa ngome na wa misafara walichukua vyakula mashambani kwa nguvu. Wenyeji wakaacha kuwauzia. Na mwaka wa 1891 ngome ikaachwa, ikachomwa moto. Mwaka ule ule Kampuni ilijenga ngome nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Mambo mengi yaliingia katika ugomvi huo, lakini mwanzo wake ulikuwa chakula: wenye njaa walilivunja agano mara tu lilipowawia zito, na mkulima ndiye aliyetakiwa kulipa.

Liko funzo la pili, ambalo halina moto wala damu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliweka kiwanda cha kukausha mboga huko Karatina, ili askari wapate chakula. Wakulima wa Nyeri wakahimizwa kulima mboga, wakalima kwa bidii, na fedha zikaingia vijijini. Vita vilipokwisha, haja ya mnunuzi ikaisha, na kiwanda kikafungwa. Hapakuwa na wizi hapo. Mnunuzi alikuwa amekuja kwa haja yake mwenyewe, akaondoka pamoja nayo. Mkulima aliyepanua shamba kwa ajili yake alibaki na shamba.

Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, yaonyesha kwamba kupata mnunuzi si mwisho wa shida ya mkulima. Linalohitajiwa ni mlaji aliyefungwa na neno lake, na mkulima aliyefungwa na lake.

Mataifa mengine yamekwisha kujaribu. Huko Japani, akina mama wa mijini walioogopa dawa katika vyakula na maziwa ya watoto wao walianza kupatana na wakulima moja kwa moja, na mwaka wa 1971 kikaundwa chama cha kilimo cha asili kilichoieneza njia hiyo. Wajapani huiita teikei, maana yake ushirikiano. Marekani yalianza mashamba mawili ya namna hiyo mwaka wa 1986, moja katika jimbo la Massachusetts na jingine katika New Hampshire. Na Ufaransa ikafuata mwaka wa 2001. Nchi hizo hazifanani kwa hewa, kwa udongo wala kwa mapishi, lakini zote zimeshika sharti moja: mlaji hulipia msimu, halipii fungu la mboga.

Tena jambo lenyewe si geni kwa watu wa Kenya. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, ambayo kwayo majirani waliingia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, bila kupimiana majembe. Leo karibu kila mtaa una chama cha akina mama au cha vijana, ambacho kila mmoja hutoa fedha zake kwa zamu, akiamini kwamba zamu yake itafika. Mtu awezaye kukaa miezi kumi akingoja zamu yake katika chama hawezi kusema kwamba kungoja kabichi miezi mitatu ni jambo lisilowezekana.

Vyombo navyo vipo. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, fedha zinaweza kutoka Kileleshwa na kufika Waithaka kabla maji ya chai hayajachemka. Shirika la kilimo hai nchini, Kenya Organic Agriculture Network, lilianzishwa mwaka wa 2005, na mwaka wa 2007 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana juu ya kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, ambayo alama yake ni Kilimohai. Wako wakulima wadogo wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe katika vikundi, ili mmoja asiharibu jina la wote. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka wa 2015, na Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 yakipa kikundi njia ya kujulikana rasmi. Yako pia mashamba ya kando ya mji yapelekayo makapu majumbani. Lakini kapu la kuagizwa na kulipiwa juma kwa juma, ingawa ni biashara njema, bado si agano. Kwa sababu mwenye kuagiza aweza kunyamaza wakati wowote, na mkulima akabaki na mboga zake.

Basi watu waanze namna gani? Yafaa waanze wakiwa wachache. Na zichukuliwe kwa mfano familia 20 na wakulima 5 walio majirani, kila mkulima akiwa na thumuni ya eka. Waseme kwamba msimu utakuwa na makapu 20, na kila kapu lihesabiwe kwa shilingi 500. Kila familia basi itatoa shilingi 10,000, na zote pamoja shilingi 200,000. Nusu itolewe kabla ya kupanda, ili wakulima wanunue mbegu na samadi pasipo kukopa. Nusu ya pili itolewe shilingi 1,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Katika jumla hiyo, sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 20,000, iwekwe akiba kwa siku ya msiba. Gari la kupeleka makapu likilipwa shilingi 1,500 kwa juma, litachukua 30,000. Zitabaki shilingi 150,000, yaani 30,000 kwa kila mkulima. Si utajiri, na humo mbegu na samadi bado hazijatolewa. Lakini ni fedha azijuazo mkulima tangu siku ya kwanza, na kuijua hesabu yake mapema ni jambo ambalo soko halijapata kumpa.

Kalenda iheshimiwe kuliko tamaa. Vitalu vya miche vitengenezwe mwezi wa Februari, ili miche ihamishwe mvua za Machi na Aprili zinaposhika. Mboga za upesi, kama terere na dania, zitatangulia kuingia kapuni. Sukuma wiki, managu na spinachi zitafuata. Kabichi na viazi vitakuja nyuma. Wakulima wasipande vyote siku moja, bali wapande kwa zamu kila baada ya majuma mawili, la sivyo kapu litakuwa na kabichi nne juma hili na hewa tupu juma lijalo. Walaji nao waambiwe mapema kwamba Julai, ukungu na baridi zinapotanda juu ya Dagoretti na Limuru, majani hukua polepole, na kapu litakuwa jepesi. Mtu aliyeambiwa jambo kabla halijatokea huliita majira. Asiyeambiwa huliita udanganyifu.

Sasa yaja majaribu, nayo ni mawili. La kwanza humpata mlaji. Mwezi wa Mei, mvua zinapokuwa zimefanya kazi yake, mboga hujaa kila soko, na katika soko la Kangemi fungu huuzwa kwa bei ndogo sana. Karani atapita hapo akiwa amelipa shilingi 500 kwa kapu lake, naye ataona kwamba angenunua hapo kwa nusu ya bei hiyo. Moyo wake utamwambia: toka. La pili humpata mkulima. Mwezi wa Agosti na Septemba, udongo ukikauka, broka hurudi na bei ya juu, mara mbili ya ile ya agano. Ataita mlangoni kwa sauti tamu, fedha zikiwa mkononi. Moyo wa mkulima utamwambia: mpe huyu zile nzuri, nao wa kapu wape zitakazobaki.

Majaribu hayo mawili ni ndugu. Kila mmoja hutaka agano limlinde siku mbaya, lisimzuie siku nzuri. Ndiyo maana mtu asidanganywe kwamba mpango huu utampa mboga za bei rahisi kuliko zote, wala mkulima asidanganywe kwamba utampa bei ya juu kuliko zote. Utawapa wote bei ya katikati, isiyopanda wala kushuka. Asiyetaka hiyo na aende sokoni, wala hana kosa; lakini asitie sahihi. Wazee walisema ahadi ni deni, na deni hili hulipwa hasa siku ambayo kulilipa kunauma.

Kwa sababu hiyo neno la hasara lisemwe siku ya kwanza, mbele ya wote, tena shambani. Walaji waende Mutuini waione ardhi, wayaone maji na mahali yatokako, walione ghala la dawa kama lipo. Kisha mmoja aulize bila haya. Karani anaweza kusema, “Mama, mvua ya mawe ikivunja majani yote, fedha zangu zitarudi?” Na mama aweza kumjibu, “Mwanangu, na jembe langu la miezi miwili, ni nani atakayenirudishia?” Maswali hayo yote mawili ni ya haki. Watu wasiondoke mahali hapo mpaka wameandika jibu lao.

Jibu moja lifaalo ni hili. Hasara ikiletwa na mbingu, yaani mvua ya mawe, mafuriko au ukame, walaji wasidai fedha zilizokwisha kutumika shambani. Ile akiba ya sehemu ya kumi itumike kununua mbegu za kupanda upya. Na makapu yaliyobaki yawe kama shamba litakavyoweza. Hasara ikiletwa na mtu, yaani mkulima aliyelala au aliyeuza nje mazao ya agano, huyo alipe kwa makapu ya ziada, na akirudia atoke. Mlaji naye akiacha kulipa katikati, nafasi yake itafutiwe mtu mwingine, lakini nusu ya kwanza isirudishwe, maana imekwisha kuwa samadi. Mambo haya yakisemwa baada ya msiba, huleta ugomvi. Yakisemwa kabla, huitwa kanuni.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakumbusha watu wa Nairobi kwamba mvua haisomi mikataba. Kikundi kisichokuwa na neno lililoandikwa hutawanyika katika siku za namna hiyo, kila mtu akimlaumu mwenzake kwa jambo ambalo hapana aliyelifanya.

Pawe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karani ambaye kazi yake ni kuandika na kuhesabu anacho kitu cha kuwapa wakulima zaidi ya fedha. Aandike kilichopandwa, kilichovunwa, kilicholipwa na kilichobaki, na ukurasa huo usomwe kwa sauti kila mwezi. Mtunza hazina asiwe ndiye mtunza daftari, hata akiwa mtu mwaminifu namna gani. Mtu mwaminifu huongezewa heshima kwa kukaguliwa.

Wala asisahauliwe mama mboga wa mtaani. Wengine hudhani kwamba mpango huu umekuja kumwondoa. Hivyo si haki, wala si akili. Yeye ndiye awajuaye walaji kwa majina, ajuaye nani ana watoto wangapi na nani hurudi nyumbani saa ngapi. Yeye ndiye huwakopesha mwisho wa mwezi. Makapu yakishushwa katika kibanda chake huko Kawangware au Kangemi, naye akipata malipo yake kwa kila kapu, atayatunza vizuri kuliko mlinzi wa lango la jumba kubwa. Na makapu matupu atayakusanya, jambo dogo ambalo lisipoangaliwa hula fedha nyingi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini taabu yote hii, na hali mboga zipo kila kona. Jibu lipo katika ardhi yenyewe. Huko Waithaka na Mutuini mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka yamekuwa vipande, na juu ya vipande hivyo nyumba za kupanga huota upesi kuliko mahindi. Kijana humwambia mama yake kwamba chumba cha mawe huleta kodi kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kabichi hazijui mwisho wa mwezi. Mama hana la kumjibu, kwa sababu asemayo kijana ni kweli. Siku atakapoweza kusema kwamba shamba nalo lina watu 20 wanaolipa mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, ndipo watakapokaa kuzungumza kama watu wawili wenye hoja.

Na mashamba hayo ya karibu yakisha kufunikwa kwa mawe, hayatafunuliwa tena. Mboga zitatoka mbali zaidi, zitapita mikono mingi zaidi, na maswali ya karani yatakuwa na watu wachache zaidi wa kuyajibu.

Basi msomaji aliye karani na atafute wenzake kumi katika ofisi yake au kanisa lake, na msomaji aliye mkulima na atafute majirani wanne ambao angewaachia ufunguo wa nyumba yake. Wakutane kabla ya Februari, si baada yake. Wasianze kwa kuzungumza bei. Waanze kwa kuzungumza mvua ya mawe. Wakikubaliana juu ya hiyo, bei haitawashinda.